Kamati ya Kumboresha Mpigaji

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimeitwa mbele ya kamati, na hadi sasa ninapoandika haya hasira haijaniisha.

Kwanza nieleze nililala vipi, maana ndoto zangu haziji bure. Mimi ni mpigaji wa gitaa la stili katika bendi ya muziki wa kantri hapa Nyahururu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Gitaa lenyewe halivaliwi begani. Linasimama kwa miguu minne kama meza ya kupigia pasi, nyuzi kumi zimelala juu, na mpigaji huketi nyuma yake kwenye stuli. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unazicharaza, miguu inakanyaga pedali za kupandisha sauti, na magoti yanasukuma vichuma vya kuishusha. Langu lilitengenezwa na fundi Njogu kwa pedali za cherehani na nyaya za breki za baiskeli. Sijawahi kulionea aibu.

Kichuma cha goti la kushoto ndicho kinacholiza gitaa. Ukikisukuma, uzi mmoja unashuka nusu toni, na mzee aliyekuja kunywa soda yake kimya kimya anajikuta amemkumbuka marehemu mkewe. Bila kichuma hicho unabaki na meza. Sasa goti langu la kushoto limekwisha. Daktari anasema gegedu imelika. Kutembea linatembea, ngazi linapanda kwa manung'uniko, lakini kusukuma upande limekataa katakata.

Dawa ninayo. Kwa miaka mingi nimekuwa na daftari la maboresho, ninaandika kila ninachotamani gitaa langu liwe nacho: uzi wa tatu usiokatika kila Jumapili, chuma kisichoniponyoka na kubingirika hadi chini ya ngoma, stuli yenye mfuko, pedali isiyolia watu wakiwa kwenye maombi, nyuzi zisizohama toni baridi ya hapa inaposhuka. Katika ukurasa wa mwisho nimechora kichuma cha goti kimehamishiwa kwenye kiwiko cha kulia. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi mwenye akili.

Jana nilikwenda na daftari mazoezini. Karuga, kiongozi wetu, hakulifungua hata jalada.

"Mama Wangui, usijisumbue," alisema. "Jumamosi kwenye tamasha, Mwathi atapiga sehemu yako kwa kinanda. Kina sauti ya stili humo ndani, nambari themanini na saba. Wewe utakaa mbele na wageni, tutakutambulisha vizuri."

Nikamjibu, "Hakuna shida, Karuga."

Ndivyo nilivyosema. Nikang'oa miguu ya gitaa mmoja mmoja, nikalifunga kwenye sanduku, nikaenda nyumbani, nikala ugali baridi, nikalala.

Basi, katika ndoto naona niko sebuleni kwangu. Ni saa nne asubuhi, jua linaingia dirishani, na gitaa limesimama mlangoni likiwa limevaa koti langu la kanisani.

"Umechelewa," linaniambia.

"Nimechelewa wapi?"

"Kamati ya Maboresho inakaa leo. Ulitumiwa barua."

"Sikuona barua yoyote."

"Ilitumwa kwa sauti ya chini sana," inasema pedali ya kwanza. "Nawe ulikuwa umelala, hukunikanyaga."

Tunaondoka. Gitaa linatangulia kwa miguu yake minne kwa mwendo wa ng'ombe anayejua njia ya birika la kunywea maji, na halinisubiri hata kidogo. Nachechemea nyuma yake. Ninaliambia lipunguze mwendo, kwamba nina goti bovu. Linajibu bila kugeuka kwamba lenyewe lina miguu minne ya paipu na halijawahi kusikia mmoja ukilalamika.

Mlango wa sebule unafunguka kwenye ukumbi mrefu wenye foleni. Wote waliopanga foleni wana maombi mikononi. Kuna maikrofoni tatu zimekuja kuomba waimbaji wapige mswaki. Kuna sanduku la gitaa linalotaka nalo libebwe ndani ya kitu. Ngoma moja kubwa imeketi sakafuni, na nikiiuliza inaomba nini, inaniambia inaomba kuulizwa.

"Umengoja muda mrefu?"

"Ndilo hilo hasa," inasema, inakunja karatasi yake na kwenda nyumbani imeridhika.

Sisi hatupangi foleni. Gitaa linasukuma mlango wa mwisho, na naona tumeingia ndani ya amplifaya ya Karuga. Naijua kwa harufu ya vumbi lililoungua. Kamati imeketi kwenye meza ndefu. Mwenyekiti ni Chuma, kile kipande ninachotelezesha juu ya nyuzi. Karani ni Uzi wa Tatu, mwembamba, amekaza uso. Karibu naye yuko Springi, anayehusika na kurudisha vitu mahali pake. Kwa kuwa ni wajumbe nawapa heshima ya watu, ingawa kwa tabia hawakustahili.

Chuma anafungua kikao, anaegemea mbele kidogo, anabingirika kwenye meza na kuanguka sakafuni. Wote wanainamisha vichwa na kusubiri. Hakuna anayemwokota. Wananitazama mimi.

Namwokota. Hata katika ndoto kazi hiyo ni yangu.

"Nimekuja na daftari langu," nasema. "Maombi yangu ni mengi, lakini leo naomba moja tu. Lile la ukurasa wa mwisho."

"La kwako tutalifikia," anasema Chuma. "Aliyefungua shauri ni gitaa."

Nageuka. Gitaa limetoa kutoka mfukoni mwa koti langu daftari lake, nene kuliko langu, lenye alama za chai. Karani anapewa asome.

"Maboresho yanayoombwa kwa mpigaji," anasoma Uzi wa Tatu. "Mpigaji apunguzwe uzito, kwa maana ndiye anayelalamika kubeba ilhali hakuna anayeuliza yeye anabebwa na nani. Mpigaji asihame toni baridi inaposhuka. Mpigaji asikohoe katikati ya noti nde..."

Hapo akakatika. Pa. Akaanguka mezani vipande viwili. Bahasha ndogo ya nyuzi za akiba ikafunguka, akatoka Uzi wa Tatu mwingine, akaketi kwenye kiti chenye joto bado na kuendelea, "...fu. Mpigaji asilie kabla ya wimbo kufika mahali pa kulia, kwa sababu machozi yanatia kutu. Magoti ya mpigaji yawe ya kubadilishwa, yauzwe kwa pakiti."

Damu inanichemka. Naliambia gitaa, mbele ya kamati, kwamba nimelibeba mgongoni miaka kumi na tisa, kupanda na kushuka, matopeni na kwenye vumbi, mvua ikinyesha nalivisha koti na mimi nalowa.

"Nami nimekubeba mbele ya watu miaka kumi na tisa," linajibu. "Ulipokosea, walilitazama gitaa."

Lilikuwa kweli, na ndiyo maana liliniudhi zaidi.

"Turudi kwenye kichuma changu," nasema. "Naomba kitoke kwenye goti, kiwekwe kwenye kiwiko."

Wajumbe wananong'onezana. Chuma anakohoa sauti ya bati. "Kanuni inasema kichuma cha goti ni cha goti."

"Nani aliandika kanuni hiyo?"

"Magoti."

"Ya nani?"

"Mazima," anasema Chuma. "Mama, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Goti langu haliinami. Nilichonacho ni kiwiko."

"Basi chako hakiko mvunguni. Karani, andika."

Nawaambia adhabu ya kaburi aijuaye maiti, kwamba hakuna hata mmoja wao mwenye goti, kwa hiyo wanazungumzia maumivu wasiyo na mahali pa kuyasikia. Springi ananitazama kwa huruma. Anasema kabla ya kuamua ni desturi mpigaji apimwe, ajulikane bado anashuka na kupanda sawasawa.

Wananikalisha kwenye stuli. Wanaing'oa miguu yangu, wanaipangusa kwa kitambaa, wanairudisha na kuikaza kwa spana. Hawakuuliza kama nimekubali. Kisha pedali ya kwanza inajikanyaga yenyewe, nami napanda toni nzima.

Toni nzima, kwa kipimo cha kamati, ni urefu wa jengo la ghorofa tatu. Niko juu na stuli yangu, amplifaya haipo tena, tuko katikati ya uwanja wa mpira. Naona mji wote. Naona maporomoko yanavyomwaga maji, naona viazi vimepangwa kando ya barabara, na naona ukumbi wa tamasha, mafundi wakipanga viti. Naona kiti cha mbele kimeandikwa jina langu. Kimewekwa upande wa wageni, na kuna chupa ya maji juu yake. Ni kiti kizuri chenye kitambaa cha satini, na laiti ningekifikia ningekivunja.

"Kilichopandishwa lazima kirudi," Springi anatangaza kutoka chini.

Narudi kwa ghafla. Meno yanagongana.

"Kupanda anapanda," anasema karani akiandika. "Sasa ashushwe."

Wanasukuma goti langu la kushoto upande. Maumivu yananipanda hadi kwenye sikio, lakini sishuki. Wanasukuma tena. Sishuki. Karani anaandika neno moja, na hata kwa mbali naona ni neno fupi.

Hapo ndipo kinanda kinaingia. Kimevaa kofia ya Karuga, ile ya ngozi yenye ukingo mpana, na kinatembea taratibu kama mgeni wa heshima anayejua atapewa kiti.

"Shikamooni wajumbe," kinasema. Sauti yake ni ya adabu mno. "Sioni sababu ya kumchosha mama. Sauti ya gitaa lake ninayo. Nambari themanini na saba. Haina uzito, haina kutu, haina goti."

Kinajibonyeza. Inatoka sauti ya stili. Ni safi na imenyooka, inashuka nusu toni pale pale inapotakiwa kushuka, na hakuna mjumbe hata mmoja anayemkumbuka mtu yeyote.

"Hiyo si sauti yangu," linasema gitaa.

Nageuka kulitazama. Limevua koti.

"Miaka kumi na tisa nimelia mimi," linasema. "Hicho hakijawahi hata kuwekwa nje kwenye umande. Sikuulizwa. Hakuna aliyekuja kwangu akasema, naomba sauti yako."

"Hilo si ombi, ni lalamiko," anasema Chuma.

"Na mama mwenyewe pia ninaye humu," kinaendelea kinanda, kana kwamba gitaa halikusema kitu. "Wajumbe watasikia jinsi alivyoboreshwa."

Kinajibonyeza mahali pengine. Inatoka sauti yangu. Ni yangu kabisa, na pumzi yangu, na hicho kikohozi kidogo ninachokimeza.

"Hakuna shida, Karuga," inasema sauti yangu. "Endeleeni tu. Mimi nitakaa na wageni. Hakuna shida."

Kamati inapiga makofi. Wanasema huyo ndiye mpigaji waliyekuwa wakimtafuta. Hakohoi, hahami toni, hachechemei, hana daftari. Karani anaandika kwamba maboresho yote yametimia, na kwa furaha anakatika tena, anatoka mwingine, naye anapiga makofi kutoka pale mwenzake alipoachia.

Kusema kweli, sikukasirikia kinanda. Kinanda ni kinanda. Nilijikasirikia mimi. Nilikaa pale miguu imekazwa kwa spana nikisikiliza mwanamke mpole akigawa mahali pangu kama anayegawa chapati, na mwanamke huyo nilimfundisha mimi mwenyewe. Alisema hakuna shida walipoondoa jina langu kwenye bango. Alisema hakuna shida waliponiweka nyuma ya pazia kwa sababu gitaa linaziba wachezaji. Amesema hivyo mara nyingi hata goti limechoka kumngoja aseme kitu kingine.

"Nyamaza," namwambia.

"Hakuna shida," ananijibu.

Nikagonga meza kwa kiwiko cha kulia. Sikupanga. Niligonga kama mtu anavyogonga akichoka.

Kila kitu kikashuka nusu toni.

Uwanja ulishuka, mwanga ulishuka, hata makofi yaliyokuwa hewani yakashuka yakawa kama mvua kwenye mabati ya mbali. Pedali ya kwanza ikasema polepole kwamba kabla ya kuwa pedali ilikuwa kwenye cherehani, na kulikuwa na fundi mwanamke aliyeikanyaga akiimba, akishona sare za shule, na haijui alikwenda wapi. Nyaya za breki zikakumbuka mteremko mmoja. Springi akafunika uso. Chuma alitokwa na tone moja la kutu, likateremka hadi mezani.

Nikainua kiwiko. Vyote vikarudi.

"Tena," akasema Chuma kwa sauti ndogo.

"Sitaki tena," nikasema. "Mmesikia. Kimeshuka kwa kiwiko. Andikeni."

Uzi wa Tatu aliandika. Chuma alisimama kusoma uamuzi. Kichuma cha goti kihamishwe. Sauti ya gitaa iliyochukuliwa bila kuulizwa itolewe kwenye kinanda leo hii. Alipofika hapo akaanza kubingirika, lakini safari hii gitaa liliinua ukingo wake likamzuia, akamaliza akiwa mezani.

Kinanda kilivua kofia. "Na ile sauti nyingine?" kikauliza. "Ya mama. Nimrudishie?"

"Kitu kikitoka lazima kiwe na mahali pa kurudi," alisema Springi.

Wote wananitazama. Karani ameinua kalamu.

"Kwangu hapana," nasema. "Mahali hapo nimepajaza."

Uzi wa Tatu anaandika jibu langu, anafika mwisho wa neno la mwisho, anakatika. Pa.

Nikaamka. Simu ilikuwa inalia. Ilikuwa saa moja kasoro, chai sijaweka, goti limevimba vilevile kama jana. Niliinuka nikachungulia sebuleni. Gitaa lilikuwa ndani ya sanduku lake. Nilifungua nikaangalia. Kichuma kilikuwa bado upande wa goti la kushoto, hakuna aliyekigusa, na nikajiona mjinga kwa kwenda kutazama.

Simu ikalia tena, nikarudi chumbani kuipokea. Ni Karuga.

"Mama Wangui, umeamkaje? Nilikuwa napiga kuhusu Jumamosi."

Nilifungua mdomo nimjibu ninavyomjibu siku zote. Nikatafuta. Nikaupapasa ulimi kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka. Halikuwepo neno.

"Karuga, sikubali," nikasema. "Sikubali kukaa na wageni. Jana ulinikosea na mimi nikakuachia. Leo nakwenda kwa Njogu, kichuma kinahamia kwenye kiwiko, na Jumamosi napiga mimi. Kama hutaki, uniambie sasa hivi, na uniambie kwa sababu inayoingia akilini."

Nilisikia watu nyuma yake, na Mwathi akibonyeza bonyeza.

"Mama, hata sijasema nilichopigia," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ni hiki kinanda. Tumekiwasha tangu alfajiri. Kikifika themanini na sita kinaruka, kinakwenda themanini na nane. Ile ya stili haiko."

Nikaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Na themanini na nane inatoa nini?" nikamuuliza.

Karuga alisogea, nikasikia mlango ukifungwa, sauti za wenzake zikakatika.

"Ni mwanamke," alisema. "Anasema hakuna shida."

"Huyo mwacheni huko huko," nikamwambia, na nikaenda kuweka chai.